Shimo la Mama Mkwe

Watu wa mtaa ule hawakuwa wagomvi. Tuliweke hilo wazi mapema, kwa sababu kila mgeni aliyekanyaga pale aliondoka akiapa kwamba ni wagomvi, na kila mpangaji mpya alikesha siku ya kwanza akisubiri polisi. Kumbe watu walikuwa wanasalimiana tu. Jirani alimuuliza jirani ameamkaje kwa sauti ya kumfukuza mwizi, na mwenzake akajibu kwamba ameamka salama kwa sauti ya mwizi huyo akikana.

Chanzo kilikuwa shimo. Nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na machimbo ya mawe, na ndani ya machimbo mlikuwa na mashine ya kusaga kokoto iliyonguruma tangu jua linachomoza hadi linazama. Watu waliipa jina la Mama Mkwe, kwa kuwa haikunyamaza na haikuridhika. Watoto walizaliwa ikinguruma, wakajifunza kusema ikinguruma, wakachumbiana ikinguruma. Ukitaka kuomba chumvi kwa jirani ulipaza sauti, la sivyo ulikula chakula chapwa. Kisha mawe mazuri yakaisha, kampuni ikang'oa mashine yake, ikatia kufuli kwenye geti na kwenda zake. Shimo likabaki kimya, ila hakuna aliyezipelekea koo za watu habari hiyo. Mazoea yana taabu. Mama Mkwe alikwisha ondoka, nao wakawa bado wanashindana naye.

Kwa sauti hakuna aliyemfikia Shangazi Baragumu. Enzi za machimbo, kabla baruti haijalipuliwa, yeye ndiye aliyesimama ukingoni na kuwaamuru watu watoke shimoni, na hajatokea mtu wa kusema hakusikia. Mumewe, Mzee Nyundo, alikuwa mtoboa miamba. Kazi ile ilimwachia masikio mazito na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Hata akikaa kitini alipumua kama mtu anayepanda mlima. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa, na ukuta wa jikoni ulikuwa hatua chache tu kutoka ukingo wa shimo.

Kwa hiyo manispaa ilipotangaza kwamba shimo litageuzwa jalala la mji mzima, wengine walikunja pua kwa kufikiria harufu, lakini Baragumu alifikiria moshi. Jalala huchomwa moto. Na daktari alikwisha mwambia mzee kwamba kifua chake hakitaki moshi hata wa jiko. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa akiishi mji wa mbali, alituma neno: jalala likianza, baba aje kwangu. Chumba nilicho nacho ni kidogo, kinamtosha yeye tu. Mama abaki kwanza kulinda nyumba mpaka apatikane wa kuinunua.

Mzee Nyundo hakubisha. Alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja mashati.

Baragumu alisimama mlangoni akamtazama. Alitaka kumwambia asiende. Lakini kuna maneno yanayokubali kupigiwa kelele na kuna yanayokataa. "Kamata kuku huyo" unaweza kuipigia kelele. "Usiniache" huwezi, hasa ukiwa unaishi mtaa ambao ukikohoa chumbani unapewa pole na nyumba ya nne. Na akiisema polepole mzee hasikii. Baragumu alifungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"UNAYAKUNJA VIBAYA," alisema.

Akaenda kuyakunja upya. Mzee Nyundo akampisha, akaketi pembeni, akaelewa kwamba mke wake anamsaidia kufunga safari.

Manispaa lakini ilikuwa imeacha mwanya. Ilisema wakazi wakija na matumizi bora ya shimo, na wakiwa wameafikiana wote, jalala litatafutiwa mahali pengine. Baragumu alizunguka mlango kwa mlango, na siku ya mkutano chumba cha darasa cha shule ya msingi kilijaa hadi madirishani. Afisa wa mipango miji alikuja mwenyewe, msichana mpole mwenye miwani, akaketi mbele ya ubao.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku ile zilisimama zote. Kinyozi, ambaye ndiye aliyeongoza mkutano, alitaka bwawa la samaki, kwa kuwa pembe moja ya shimo ilikuwa na maji safi mwaka mzima. Seremala alitaka uwanja wa mpira. Kina mama walitaka bustani za mboga. Wote walidai mahali palepale chini, wakavutana, hadi kina mama wakakumbuka kwamba kuta za shimo zilikatwa ngazi ngazi, na ngazi zile zina upana wa kutosha matuta. Basi bustani zikapanda ngazini, samaki wakabaki pembeni na mpira ukapata sakafu. Hakuna aliyekosa. Seremala, ambaye alikuwa mgumu kuliko wote, alisimama, akapiga meza kwa kiganja, akamnyooshea kinyozi kidole.

"NIMEKUBALI," alisema.

"NA MIMI NIMEKUBALI, SHEMEJI," alijibu kinyozi, akaruka benchi kwenda kumkumbatia.

Darasa zima likainuka kwa furaha, kila mtu akimwambia mwenzake kwamba amekubali. Walipogeuka kumtafuta afisa, kiti chake kilikuwa kitupu. Miwani yake ilionekana mara moja dirishani, ikikimbia.

Baada ya siku chache tangazo likabandikwa kwenye geti la shimo. Wakazi walishindwa kuafikiana. Mkutano ulivunjika kwa vurugu.

Mtaa mzima ulisimama mbele ya karatasi ile bila kuamini. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika historia yao walipatwa na wazo kwamba huenda wana kelele.

Baragumu hakusubiri. Alivaa gauni lake la kutokea, akaenda manispaa, na mlinzi akamzuia kwenye ngazi.

"Mama, punguza hasira kwanza," alisema mlinzi.

"SINA HASIRA, MWANANGU. NAULIZIA OFISI."

Milango ya ghorofa mbili ilifunguka. Afisa mwenyewe alichungulia, akamtambua, akashuka. Alimpeleka kwenye benchi la uani ambako hakuna madirisha, akamsikiliza.

"Lakini mama, nilimwona kwa macho yangu yule bwana akipiga meza."

"ALIKUWA ANAUNGA MKONO."

"Na yule aliyeruka benchi?"

"ALIKUWA ANASHUKURU."

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko. "Basi nimekosea, mama, na nitalirekebisha. Jumamosi nitakuja tena, safari hii na mkubwa wangu. Yeye ndiye mwenye uamuzi. Ila nakuomba kitu kimoja. Ana presha. Akisikia watu wanapigiana kelele, anaondoka, na akiondoka mimi sina la kufanya."

Kwa hiyo mtaa ukaanza kujifunza kusema polepole. Ni heri wangeambiwa wajifunze kuruka. Kinyozi alijaribu kunong'ona kazini, wateja wakalazimika kugeuza shingo ili wamsikie, na wiki ile mtaa ulijaa vichwa vilivyonyolewa upande. Seremala alimwambia mkewe kwa upole kwamba chakula ni kitamu, mkewe akaweka mwiko chini na kumuuliza amefanya nini. Sokoni watu walinong'onezana bei, na kila aliyepita aliamini anasengenywa. Ugomvi wa kweli, ambao haukuwapo mtaani kwa miaka, ulianza wiki ile.

Nyumbani kwa Baragumu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alijitahidi kushusha sauti, naye mzee akawa anaona midomo inacheza tu. Siku mbili mzee alivumilia. Siku ya Ijumaa, akiwa anafunga kifungo cha sanduku, alimgeukia mkewe.

"Hata kuniaga hutaki tena?" alimuuliza.

Baragumu aliumia. Aliumia hasa. Angeweza kupaza sauti akamweleza, lakini jambo lenyewe lilikuwa lilelile lisilopigiwa kelele. Akachukua kikapu kisichokuwa na kazi yoyote, akatoka.

Geti la shimo lilikuwa limefunguliwa ili wakazi watazame. Alishuka kwa njia ya malori hadi chini, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu Mama Mkwe aondoke. Upande mmoja mwamba ulikuwa umekatwa kwa mkunjo, kama ungo mkubwa uliosimamishwa. Aliuegemea na kujifuta macho kwa kanga. Ndipo mtu akasema sikioni kwake, kwa utulivu kabisa:

"Huyu Baragumu atatuharibia tena. Mdomo ule dawa yake ni gundi na misumari miwili."

Aligeuka. Hakukuwa na mtu. Alitazama kushoto na kulia, kisha akatazama mbali, ncha ya pili ya mkunjo ule, ambako mwanadamu mmoja mdogo kama kidole gumba alikuwa ameinama na futi kamba, akipima mahali pa kusimamisha goli. Alikuwa seremala, akijisemea peke yake kama mafundi wote.

Baragumu aliusogelea mwamba, akasema kwa sauti ambayo hata paka asingeamka:

"Gundi yako yenyewe haishiki hata mguu wa stuli."

Kule mbali seremala aliangusha futi. Alitazama mbinguni, akavua kofia kwa adabu.

"Ni mimi, wewe," alisema Baragumu. "Shemeji yako. Vaa kofia."

Walijaribu na kujaribu. Ukinong'ona karibu na mwamba, neno lilitambaa juu ya jiwe na kufika ncha ya pili likiwa zima. Ukipiga kelele, mwamba ulikurudishia kelele zako vipande vipande, moja juu ya nyingine, mpaka wewe mwenyewe hujui umesema nini. Miaka yote ile walikuwa wamefanya kazi ndani ya sikio, na hakuna aliyejua, kwa kuwa Mama Mkwe alikuwa amelijaza.

"Kumbe shimo hili lina adabu kuliko sisi," alinong'ona seremala.

"Kesho mkutano hauwi darasani," alisema Baragumu.

Jumamosi mtaa mzima ulishuka shimoni na kuketi kwenye ngazi ya chini, kufuata mkunjo wa mwamba kutoka ncha hadi ncha. Mzee Nyundo alishuka pia, polepole, ameshikwa mkono. Alikwenda kuketi mwisho kabisa, mahali alipokuwa akilaza mtaimbo wake zamani. Sanduku lilikuwa tayari nyumbani, na mtoto wao alikuwa njiani kuja kumchukua. Mkubwa wa manispaa alipewa kiti katikati ya mkunjo, karibu na jiwe, afisa akaketi kando yake. Mkubwa alikuwa mtu mnene mwenye leso mkononi, na macho yake yalikuwa yanatafuta njia ya kutokea kabla hata hajaketi vizuri.

Kinyozi ndiye aliyefungua. Alikuwa ameonywa, lakini watu walikuwa wengi na kifua kilimpanda.

"WAHESHIMIWA," alisema.

Mwamba ukamrudishia waheshimiwa kama mvua ya mawe. Watoto waliziba masikio. Mkubwa aliinuka, leso kwenye paji la uso, akaanza kuifuata njia ya malori kando ya mwamba, na afisa akafumba macho kama mtu aliyekwisha shindwa.

Baragumu alipiga moyo konde. Sauti ile aliyokuwa nayo ingeweza kumsimamisha mkubwa yule hata angekuwa amefika sokoni. Hakuitumia. Aliweka kiganja chake juu ya jiwe, akasogeza mdomo.

"Baba, tunakuomba ukae," alisema. "Hatugombani. Ndivyo tulivyolelewa na mashine."

Mkubwa alisimama. Alitazama nyuma yake kuona ni nani aliyemsemesha kwa karibu hivyo. Mwanamke mwembamba aliyekuwa mbali kabisa alimpungia mkono. Akarudi, akakaa, akaweka leso mfukoni.

Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe. Mmoja mmoja walisogea mwambani, na kila aliyetaka kupaza alikumbuka yaliyompata kinyozi. Seremala alieleza uwanja wake. Kinyozi, sasa mpole kama bwana harusi, alieleza samaki wake. Mama mmoja alieleza bustani, ngazi kwa ngazi, nani atalima wapi na maji yatapandishwa vipi kutoka bwawani. Walisikilizana. Hakuna aliyemkata mwenzake kauli, maana ukikatiza, maneno mawili yaligongana njiani na yote yakaharibika. Baadhi yao walikuwa wamekaa jirani maisha yao yote na walikuwa wanaisikia sauti ya mwenzao kwa mara ya kwanza.

"Na mpira ukiingia kwenye bwawa?" aliuliza mkubwa kutoka kitini kwake, wala hakuhitaji kuinuka.

"Tumeafikiana, mzee," alijibu seremala. "Aliyeupiga ndiye ataufuata. Akitoka na samaki, ni wa kinyozi."

Mtaa ulicheka. Walicheka kwa sauti ya chini, na kicheko kikazunguka mwamba wote kikarudi kikiwa kimeiva.

Afisa alimtazama Baragumu. "Na wewe, mama? Umewaleta watu wote hawa. Mbona hujasema wazo lako?"

Baragumu aliugeukia mwamba. Kisha akaweka tena kiganja juu ya jiwe.

"Mimi sina wazo, mwanangu. Nina mume," alisema. "Kifua chake kimejaa vumbi la shimo hili. Jalala likija atapelekwa mbali, na sanduku lake limeshafungwa. Mashati niliyakunja mimi mwenyewe. Anadhani nataka aende." Alisogeza mdomo karibu zaidi na jiwe. "Sitaki aende. Tangu alipolitoa hilo sanduku sijalala vizuri. Nimeshindwa kumwambia, maana nikisema kwa nguvu nasikiwa na mtaa, na nikisema polepole hasikii. Basi nawaambia ninyi."

Watu waligeuka kumtazama. Sauti ile haikuwa ya Baragumu wanayemjua. Ilikuwa nyembamba na yenye joto, sauti ya msichana aliyekuwako kabla ya mashine.

Kutoka ncha ya pili ya mwamba, mahali pa mtaimbo, neno likaja likitambaa juu ya jiwe, lenye mkwaruzo na pumzi fupi.

"Nimesikia," alisema Mzee Nyundo.

Baragumu aligeuza kichwa. Mzee alikuwa amebandika sikio ukutani, mkono mmoja umeshika mwamba kama anavyoshikwa ng'ombe anayekamuliwa.

"Nani alikwambia nataka kwenda?" aliendelea mzee. "Nilikuona unakunja mashati vizuri mno, nikajua umenichoka."

Mkubwa wa manispaa alitoa tena leso, na safari hii si kwa ajili ya presha. Aliwauliza wakazi kama wote wanakubaliana na mipango waliyoieleza. Wakasema "Tunakubali," pamoja, kwa sauti ya mtu anayemlaza mtoto. Mwamba ukaichukua kauli ile, ukaizungusha, ukaikuza, ukairudisha ikiwa kubwa na nzima, hadi afisa akasisimka mikono yote miwili. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wake ndio ule.

"Shimo ni lenu," alisema mkubwa. "Jalala tutalitafutia mahali pengine, hilo nalibeba mimi."

Afisa akainuka, akaenda mwambani, akajaribu kwa woga kidogo kama mtu anayeonja maji kwa kidole. "Na mimi nina wazo," alinong'ona. "Hapa penye mkunjo msilime wala msijenge. Paacheni hivi hivi. Mji huu hauna mahali pa watu kusikilizana."

"TUMEKUBALI," alisema seremala, akajisahau kabisa.

Basi kwa nini wajizuie tena? Mtaa wote uliinuka na kupiga kelele, kelele za miaka yote, na mwamba ukawarudishia, nao wakaupigia tena, hadi mjini watu wakatoka nje kutazama kama kampuni imerudisha mashine. Mkubwa mwenyewe alionekana ameinua mikono. Presha yake haikuulizwa na mtu.

Mtoto wao alipofika alasiri alimkuta baba yake kitandani, viatu vimevuliwa, na mama yake anayatoa mashati sandukuni, safari hii akiyarundika tu ovyo ovyo juu ya kiti. Aliuliza kuna nini. Alijibiwa kwa sauti kubwa kwamba hakuna kitu, aketi ale.

Leo bwawa lina samaki, ngazi zimejaa mboga hadi juu, na kinyozi anasema nusu ya wachezaji wana deni lake la samaki. Barabarani watu bado wanapigiana kelele vilevile, usidhani wamebadilika. Ila mwenye jambo zito, mwenye kuposa, mwenye kuomba radhi, hushuka mwambani.

Na jioni, mpira ukiisha, wazee wawili huteremka kwa njia ya malori. Mmoja huketi ncha hii, mwingine huketi mahali pa mtaimbo, na wote huegemeza vichwa kwenye jiwe. Watoto huambiwa wapite kwa juu. Midomo ya Baragumu inaonekana ikicheza, na mzee anaonekana akitabasamu, mara nyingine akitikisa kichwa. Anamwambia nini, hakuna jirani anayejua.